Kila Sentensi na Shahidi Wake

Wimbo wa tatu katika Desire, albamu ambayo Bob Dylan aliitoa Januari 1976, unaitwa "Mozambique". Ni wa dakika tatu. Fidla ya Scarlet Rivera imeutanda wote, Emmylou Harris anaitikia, Rob Stoner yuko kwenye besi na Howard Wyeth kwenye dramu. Maneno aliyatunga Dylan pamoja na Jacques Levy, mwongozaji wa tamthilia wa New York. Yanasifu jua, bahari, wapendanao na watu wanaocheza muziki ufukweni. Humo hamna bunduki, hamna bendera mpya, hamna Mreno anayefunga mizigo yake.

Wimbo huo ulirekodiwa mwishoni mwa Julai 1975. Tarehe 25 Juni mwaka huohuo Msumbiji ilikuwa imepata uhuru wake, baada ya vita vilivyoanzia mkoani Cabo Delgado: shambulio la kwanza la FRELIMO, chama kilichopigania uhuru huo, lilikuwa Chai, tarehe 25 Septemba 1964. Watu wa hapa Mocímboa da Praia, mji wa bandari mkoani humo, hawahitaji kitabu ili wayajue hayo. Misafara ya malori ya jeshi la Wareno ilikuwa ikitoka mjini kwao, ikipanda kuelekea Mueda kwenye uwanda wa Wamakonde, katika barabara iliyotegwa mabomu. Mzee wa bandari hii akiwekewa wimbo wa Dylan na kufasiriwa maneno yake, ana haki ya kuuliza ni Msumbiji ipi inayoimbwa.

Swali hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba pwani hii ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi moja isiyo na sifa mitaani: kupima ubora wa makala ya kamusi elezo kuhusu wimbo wa roki. Nazungumzia hasa Wikipedia, ambako yeyote anaweza kuandika, na ambako, kwa sababu hiyohiyo, wamejitokeza watu wa kusoma kazi za wenzao na kuzipa madaraja. Hawalipwi. Wengi wanajulikana kwa majina ya kujipachika. Nimesoma kurasa zao za majadiliano kwa muda mrefu, zile zilizo nyuma ya makala ambazo msomaji wa kawaida hazifungui, na nimekuta humo ufundi unaostahili kuelezwa bila haraka.

Mkaguzi mzoefu haanzi juu. Anateremka moja kwa moja hadi chini ya ukurasa, kwenye tanbihi na marejeo, na kabla hajasoma hata sentensi moja ya makala ameshajua mwandishi alikaa na nani alipokuwa akiandika. Akikuta tovuti za maneno ya nyimbo, maduka ya santuri na kurasa za mashabiki, anajua kazi ni ndefu. Akikuta Still on the Road cha Clinton Heylin, kinachopitia tungo za Dylan wimbo baada ya wimbo kuanzia 1974 hadi 2006, au The Bob Dylan Encyclopedia ya Michael Gray ya mwaka 2006, au toleo la jarida la Billboard lenye tarehe na ukurasa, anavuta kiti. Lakini hata hapo hamwamini mtu. Kitabu kutajwa si sawa na kitabu kusomwa, na kuna waandishi wanaonakili tanbihi kutoka makala nyingine bila kukigusa kitabu chenyewe. Kwa hiyo anachagua tanbihi kadhaa huku na kule, anakwenda kwenye chanzo, anatafuta ukurasa uliotajwa, anasoma. Hiyo ndiyo sehemu inayokula saa nyingi kuliko zote, na ndiyo isiyoonekana kabisa makala inapokamilika.

Chukua sentensi fupi inayosema kwamba singo ya "Mozambique" ilifika nafasi ya 54 katika Billboard Hot 100 mwaka 1976. Msomaji anaipita kwa nusu sekunde. Mkaguzi anasimama. Kwanza anataka kujua kama inayosemwa ni singo au albamu, kwa sababu Desire yenyewe ilikaa kileleni mwa chati ya albamu za Billboard wiki tano, na mwandishi mwenye haraka huwahi kuubebesha wimbo mmoja mafanikio ya santuri nzima. Kisha anataka kujua kama 54 ndiyo nafasi ya juu kabisa iliyofikiwa au ni nafasi ya wiki fulani tu. Halafu chati ni ipi? Miaka hiyo Marekani ilikuwa na Billboard na ilikuwa na Cash Box, na namba zao hazikuwa zikilingana sikuzote. Mwisho anaangalia wimbo wa jirani. "Hurricane", wimbo wa bondia Rubin Carter unaofungua albamu hiyo, ulifika nafasi ya 33. Ikiwa makala ya "Mozambique" inauita wimbo wake mafanikio makubwa huku wa jirani ukiwa umeupita kwa nafasi zaidi ya ishirini, sifa hiyo lazima iondoke, hata kama namba yenyewe ni sahihi.

Napenda uchunguzi wa namna hiyo kwa sababu hauna kiburi. Mkaguzi haonyeshi kwamba anaujua muziki kuliko mwandishi. Mara nyingi haujui. Anaulizia namba moja, anaifuata hadi mahali ilipozaliwa, anarudi na kuandika kwamba imesimama au haikusimama.

Pana jambo jingine linalohusu wimbo huu na ambalo Mswahili atalipokea kwa furaha kuliko mtu yeyote. Inasimuliwa kwamba "Mozambique" ulianza kama mchezo: Dylan na Levy walishindana kuona watapata vina vingapi vinavyolingana na silabi ya mwisho ya jina hilo. Mtu aliyelelewa katika ushairi wa vina na mizani hapati shida kuamini hivyo. Anajua jinsi kina kinavyoweza kumvuta mtunzi hadi mahali ambako hakukusudia kwenda, na jinsi nchi nzima inavyoweza kuingia kwenye ubeti kwa kuwa tu jina lake linaishia vizuri. Ukiupokea utungaji huo, wimbo unageuka sura: watunzi hawakuitazama Msumbiji, waliisikia.

Sasa angalia mkaguzi anavyoishughulikia habari tamu kama hiyo. Mwandishi wa kwanza ameandika kwamba wimbo ulianza kama mchezo wa vina, na akaishia hapo, kana kwamba alikuwepo chumbani. Mkaguzi anamrudishia. Mwandishi anarekebisha kwa kuweka "inasemekana". Mkaguzi anamrudishia tena, safari hii kwa msisitizo, kwani hapo shahidi amefichwa nyuma ya pazia. Amesema nani? Ni Levy mwenyewe katika mahojiano, au ni mwandishi wa maisha ya Dylan aliyesikia kwa Levy, au ni mtu wa tatu aliyesoma kwa wa pili? Kila jibu lina uzito wake, na kila jibu linadai sentensi yake. Sentensi inayokubalika ni ile inayomtaja msemaji ndani yake, ili msomaji aamue mwenyewe amwamini kwa kiasi gani. Baada ya safari hizo mbili za kurudishiwa, habari ileile bado ni tamu, na sasa ina mwenyewe.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo gumu kuliko yote, na ndipo mtu wa Mocímboa anapojaribiwa.

Rudi kwenye aya ya pili ya maandishi haya. Nimeweka tarehe ya kurekodiwa kwa wimbo, nikaweka tarehe ya uhuru karibu yake, nikaongeza Chai, malori na mabomu ya barabarani. Kila kipande kina ushahidi wake. Lakini vilipokaa pamoja vilisema kitu ambacho hakimo katika kipande chochote: kwamba wimbo huo ulifumba macho. Mwandishi wa insha ana ruhusa ya kufanya hivyo. Ndiyo kazi yake, na jina lake liko juu ya maneno yake. Makala ya kamusi elezo haina ruhusa hiyo. Sentensi mbili za kweli, zenye tanbihi safi kila moja, zikipangwa bega kwa bega zinaweza kuzaa shutuma ambayo hakuna aliyeitoa hadharani, na mkaguzi mahiri anaisikia shutuma hiyo hata kama haikuandikwa popote. Huuliza: unganisho hili limefanywa na nani? Ikiwa yupo mhakiki aliyeulaumu wimbo kwa kuziacha siasa za nchi iliyotoka vitani, atajwe jina, kazi yake na mwaka wake, na lawama iwe yake. Ikiwa hayupo, tarehe ya uhuru itapata nafasi kwa sababu nyingine au itatoka.

Fikiria anayeulizwa swali hilo ni mwana wa Cabo Delgado. Anajua kuliko mhakiki yeyote wa New York. Babu yake huenda alivuka mto Ruvuma akiwa amebeba risasi kichwani. Kumwambia kwamba ujuzi wake hauwezi kuingia mpaka uandikwe na mtu mwingine kunasikika kama dharau, na nimeona watu wakikasirika na kuacha kuandika kwa sababu hiyo. Nawaelewa. Hata hivyo nasimama upande wa mkaguzi, kwa sababu kanuni inayomzuia mwana wa Cabo Delgado ndiyo inayomzuia mtu wa mbali ambaye hajawahi kufika na ambaye naye ana yake ya kusema kuhusu Msumbiji, kuhusu uhuru wake na kuhusu waandamanaji waliouawa na Wareno huko Mueda tarehe 16 Juni 1960. Mlango ukifunguliwa kwa mmoja umefunguliwa kwa wote, na makala inageuka kijiwe cha wenye sauti kubwa.

Ufundi uko katika namna ya kulisema jambo hilo. Wakaguzi wabaya wanabandika jina la kanuni na kuondoka. Walio bora wanaandika hivi, au karibu na hivi: ndugu mhariri, unalolisema nadhani ni kweli, nimetafuta katika Heylin na sikulikuta, je, liko katika gazeti lolote la Maputo la miaka hiyo, au katika kitabu cha Kireno ambacho mimi sikisomi? Mhariri anatafuta. Mara nyingine anarudi na kipande cha gazeti ambacho hakuna mtaalamu wa Dylan aliyewahi kukiona, na makala inapata aya ambayo haipo mahali pengine popote duniani.

Maana ya wimbo ni uwanja mwingine wa hatari, na roki imejaa nyimbo ambazo kila mtu anadai kuzifahamu. "Bohemian Rhapsody" ya Queen ilitoka Oktoba 1975, miezi minne baada ya uhuru wa Msumbiji, na mtunzi wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Mercury hakutaka kueleza wimbo ule unahusu nini. Wengine wamejaza nafasi hiyo kwa kila namna, na kwetu pwani tumo pia, maana neno moja la humo tunalitamka kabla ya kila mlo. Mkaguzi wa makala kama ile hatafuti maana iliyo sahihi. Anahakikisha kwamba kila tafsiri imefungwa kwa aliyeitoa, kwamba ukimya wa mtunzi umeelezwa kuwa ni ukimya, na kwamba tafsiri inayopendwa na mwandishi haikupewa aya tatu huku nyingine zikipewa mstari.

Usawa wa aina hiyo ungeweza kutufaa sana katika wimbo wetu wenyewe. "Malaika" si roki, lakini hakuna wimbo wa Kiswahili unaompima mkaguzi kama huo. Fadhili William wa Kenya ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuurekodi, akiwa na Jambo Boys, mwaka 1960. Adam Salim wa Tanzania alidai kuutunga tangu 1945. Grant Charo naye alidai ni wake. Miriam Makeba akaubeba duniani, Boney M wakaurekodi mwaka 1981, Angélique Kidjo akaurekodi baadaye, na kila mara mtu anapouimba swali la mwenyewe linaamka upya, likiwa na uraia ndani yake, Mkenya huku na Mtanzania kule.

Makala mbovu inachagua mshindi katika sentensi ya kwanza. Makala ya wastani inaandika kwamba mtunzi ana utata, halafu inakwenda zake. Makala nzuri inaeleza nani alidai, lini, mbele ya nani, kwa ushahidi gani, nani alisajili haki na nani alipokea mirabaha, kisha inanyamaza mahali ambapo ushahidi unanyamaza. Kunyamaza kwa namna hiyo ni kugumu kwa mwandishi, na ni kugumu zaidi kwa mkaguzi mwenye uraia wa upande mmoja. Nimesoma mabishano ya watu wa Nairobi na Dar es Salaam juu ya jambo hili hadi nikajua atakayejibu atasema nini. Ninayemstahi ni yule aliyeingia katikati yao na kuuliza tarehe ya santuri.

Kuna mambo madogo ambayo mkaguzi huyapitia kwa kasi na ambayo nami nitayapitia hivyo. Maneno ya wimbo hayawekwi yote, kwa kuwa yana haki ya mwenyewe. Hutajwa pale tu yanapojadiliwa. Kipande cha sauti kinaruhusiwa, lakini kisizidi sekunde 30 au asilimia 10 ya wimbo, ilimradi kitumike kile kilicho kifupi, kwa hiyo "Mozambique" wenye dakika tatu unapata sekunde 18. Picha iwe na leseni. Majina ya wapigaji yathibitishwe na jalada la santuri.

Kueleza muziki wenyewe, hapo hapana mwendo wa kasi. Mwandishi anaandika kwamba fidla ni tamu na sauti ya Harris inagusa moyo. Mkaguzi anakubaliana naye kimoyomoyo na anayafuta yote mawili. Anataka kujua fidla inafanya nini: inaingia kabla ya sauti au baada yake, inajibu mstari au inatembea nao? Anataka kujua Harris anaimba pamoja na Dylan au anamfuata nyuma kidogo. Na anataka mwanamuziki au mhakiki aliyeyaeleza hayo kwa maandishi. Sifa zikishaondolewa na nafasi zao zikachukuliwa na maelezo, kinatokea kitu ambacho kimenifurahisha kila mara: aya iliyokauka sifa inamfanya msomaji atake kuusikiliza wimbo, kuliko ile iliyomwambia kuwa ni mtamu.

Fundi wa kalafati hapa bandarini hufanya kazi yake mshono kwa mshono. Anasukuma pamba iliyoloweshwa mafuta katikati ya ubao na ubao kwa patasi na nyundo, na anasikiliza mlio. Mlio ukiwa mfu anarudi palepale. Haulizi kama mashua ni nzuri ya kutazama, hilo lilikuwa la fundi aliyeiunda. Mkaguzi wa makala yuko hivyo. Kwa utaratibu wa Wikipedia ya Kiingereza, anayekagua makala kwa daraja la makala nzuri hawezi kuwa ndiye aliyeiandika. Akikuta kasoro zinazorekebishika anaisimamisha, kwa kawaida siku saba, ili mwandishi aziondoe. Siku hizo saba ndizo ninazozipenda kuliko hukumu yenyewe. Watu wawili ambao hawajawahi kuonana, pengine mmoja yuko Uskochi na mwingine Nampula, wanabadilishana ujumbe juu ya alama ya mkato, juu ya ukurasa wa 54 dhidi ya nafasi ya 54, juu ya kama Levy aitwe mtunzi au mtunzi mwenza. Hakuna anayetazama. Makala ikipita, jina la mkaguzi linabaki katika historia ya ukurasa wa majadiliano.

Juu ya daraja hilo lipo lile la makala teule, ambalo halitolewi na mtu mmoja; watu kadhaa huijadili hadi wakubaliane. Chini kabisa ipo ile ambayo Wikipedia ya Kiswahili huiita mbegu: makala ya mistari miwili mitatu inayongoja mtu wa kuikuza. Wikipedia yetu ilianza mwaka 2003, na wahariri wake wa kila siku ni wachache, kwa hiyo nyimbo nyingi zimebaki mbegu. Zinaeleza jina, msanii, mwaka, pengine na mtayarishaji, basi. Tusiwabeze walioziweka. Mbegu yenye jina sahihi na mwaka sahihi ina manufaa kuliko makala ndefu ya kusifia, na mkaguzi mwaminifu atampa mwandishi wa mbegu heshima hiyo kabla ya kumwonyesha kinachopungua.

Kinachopungua mara nyingi si bidii. Ni maandishi ya kuegemea. Dylan ana vitabu kwa rafu. Mapiko ya Wamakonde ina kitabu cha Paolo Israel, In Step with the Times, cha mwaka 2014, ambacho kinazifuata ngoma za vinyago za uwanda wa Mueda na nyimbo zake kwa miongo kadhaa, pamoja na zile zilizoimbwa wakati wa vita na baada ya uhuru. Mtu anayetaka kuandika makala ya wimbo wa mapiko na kuifikisha daraja la juu ana mahali pa kuanzia. Lakini njoo chini hadi ufukweni, kwa Wamwani. Wanawake wa ngoma ya tufo, waliovaa sare za kikundi, wenye matari yao na nyimbo zinazotungwa kwa sherehe, kwa siasa, kwa msiba, wana nyimbo ambazo mji mzima unazijua na ambazo huwezi kuziandikia hata aya moja itakayopita kwa mkaguzi mkali. Si kwamba hazina thamani. Hazina mtu aliyeziandika.

Mwaka 2011 Achal Prabhala aliongoza mradi uliofadhiliwa na Wikimedia Foundation, huko India na Afrika Kusini, wa kutumia masimulizi ya watu kama marejeo: unamhoji mjuzi, unaweka sauti yake hadharani, na makala inaitaja sauti hiyo katika tanbihi. Filamu ya mradi ule inaitwa People Are Knowledge. Wakaguzi wengi hawakuupokea, na sababu zao si za kipuuzi, kwani mahojiano yaliyofanywa na mwandishi wa makala mwenyewe yanamfanya awe shahidi na karani kwa wakati mmoja. Lakini nadhani waliokataa walifunga mlango mapema mno. Sauti iliyorekodiwa na mtu mmoja, ikahifadhiwa na taasisi nyingine, ikachambuliwa na mtu wa tatu katika jarida, haina tofauti kubwa na mahojiano ya Levy kuhusu vina vyake.

Kwa Mocímboa jambo hili lina uharaka. Mji ulishambuliwa Oktoba 2017, ukatekwa Agosti 2020, na ukakaa mwaka mzima mikononi mwa waasi hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipouchukua tena Agosti 2021. Watu wake walikuwa wametawanyika, wengine Pemba, wengine Montepuez, wengine kwenye uwanda wa Mueda, na wajuzi wa nyimbo walikuwa miongoni mwao. Waliorudi wamerudi na nyimbo zao kichwani, bila santuri na bila jalada la kuthibitisha mpigaji ni nani.

Kinachohitajika ili wimbo mmoja wa tufo wa hapa upate makala ya kusimama si kikubwa. Kikundi kirekodiwe, na siku ya kurekodi iandikwe. Mtunzi aulizwe jina lake na akubali litajwe. Ikiwa wapo wawili wanaodai utunzi, madai yote mawili yaandikwe kama yalivyotolewa. Maneno ya Kimwani yachukuliwe na anayekijua Kimwani, na fasiri iwekwe pembeni. Mwandishi wa gazeti la Pemba, au mwanafunzi wa chuo mwenye tasnifu ya kuandika, aandike kurasa chache kuhusu wimbo unavyochezwa, nani anaitikia, matari mangapi, na ulianza kuimbwa katika tukio gani. Mwingine asiyehusiana naye aandike tena, hata kwa kumpinga. Hapo mkaguzi wa mbali, asiyejua neno la Kimwani, ataweza kuteremka hadi chini ya ukurasa kama alivyozoea, akafungua tanbihi ya kwanza na kuanza kuuliza maswali.